Ufunguo Uliokuwa Saluni

Kwenye kamati ya usalama ya mtaa wetu mimi ndiye mwandishi, na si kwa sababu nina akili sana. Ni kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na mdomo sina. Shangazi ndiye aliyenipeleka. Siku ya kwanza aliwaambia wajumbe, "Huyu mtoto wa kaka yangu anaandika vizuri, na hata mkimchoma sindano hasemi." Watu wakacheka, mimi nikaangalia viatu vyangu, kazi nikapata.

Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi jioni, kwenye darasa la chekechea. Viti ni vya watoto, kwa hiyo watu wazima wanakaa magoti yakiwa karibu na kidevu. Fundi magari ni mnene, viti vile vimeshamshinda, anakaa juu ya meza. Mwenyekiti alichoka kumkataza.

Jumamosi iliyopita ajenda ilikuwa moja tu: Babu Firimbi afukuzwe au asifukuzwe.

Babu Firimbi ndiye mlinzi wa geti la uchochoro unaopita nyuma ya nyumba zetu. Tunamwita hivyo kwa sababu ya firimbi yake, ambayo akiipuliza hata mbwa wanaona aibu kubweka. Anakaa kwenye kile chumba kidogo pembeni ya geti. Kitanda chake kiko humo, redio yake iko humo, na kwingine hana. Ukimfukuza kazi umemfukuza na nyumba.

Kilichotokea ni kwamba ndani ya miezi mitatu wezi wamepita uchochoroni mara nne. Mtungi wa gesi wa fundi magari ulikwenda. Nguo za muuza mboga zilikwenda zikiwa bado zinadondosha maji. Baiskeli ikafuata, na mwisho kabisa pampu ya maji ya mwenyekiti mwenyewe. Na mara zote nne kufuli halikuvunjwa. Mtu alifungua kwa ufunguo, akapita, akafunga kwa adabu.

Funguo ziko tatu. Mmoja ni wa mwenyekiti, ameufunga kwenye mkanda wa suruali na mke wake anasema analala nao. Wa pili ni wa Babu. Wa tatu anao shangazi, kwa sababu na yeye ni mjumbe. Mtaa mzima ulishaamua ni Babu. Wa shangazi hakuna aliyeutaja, na mimi najua kwa nini hawakuutaja.

Ule ufunguo ulikuwa unaning'inia saluni kwake, kwenye msumari pembeni ya kioo, umefungwa kwa uzi kwenye kitana kilichokatika meno ili usipotee. Geti lilifungwa kwa sababu ya wezi, sawa, lakini kuzunguka barabara kubwa ni mwendo wa robo saa na hakuna anayependa kuzunguka. Basi watu walikuwa wanaingia saluni, "Shoga, naazima kitana mara moja," wanacheka, wanachukua, wanakatiza. Muuza mboga alikuwa anaazima. Fundi magari pia, na yeye nywele hana. Hata mke wa mwenyekiti aliazima, kwa kuwa hakutaka kumwamsha mumewe. Nawajua wote kwa sababu nikitoka shule huwa naenda kufagia nywele pale.

Sasa, ile Ijumaa kabla pampu haijaibwa, wakati tunafunga saluni jioni, niliona msumari uko mtupu. Sikuwaza sana. Jumamosi asubuhi tukasikia mwenyekiti anapiga kelele, pampu haipo. Jumamosi mchana kitana kikawa kimerudi mahali pake. Nani alikirudisha sijui. Ila niliona kwa macho yangu kwamba usiku ule ufunguo haukulala saluni.

Nilikaa nalo siku kadhaa. Jumanne, nikiwa nafagia, ndiyo nikalitoa. Saluni tulikuwa watatu tu, mimi, shangazi, na mama yangu aliyekuwa anasukwa.

"Shangazi, kile kitana hakikuwepo Ijumaa."

Mikono yake ikasimama kwenye nywele za mama. "Ijumaa gani?"

"Ya pampu."

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Vizuri. Usimwambie. Nitasema mimi mwenyewe kwenye kikao. Nitasimama niseme, jamani, ufunguo wangu ulikuwa unazurura, mzee wa watu hana kosa. Sikia, jambo kama hili akilisema mtoto linakuwa umbea. Nikilisema mimi litapokelewa. Si unaniamini?"

Nikamwangalia kupitia kioo, nikasema namwamini. Mama alikuwa ameinamishwa kichwa.

Na nilimwamini kweli. Watu wengi nikianza kuongea wananimalizia sentensi, halafu wananimalizia vibaya. Shangazi husubiri. Anaweza kushika mkasi hewani dakika nzima mpaka neno langu litoke. Mtu wa namna hiyo akikuambia "nitasema mimi," unapumua, unaenda kulala.

Basi Jumamosi ikafika. Babu alikaa karibu na mlango na sweta lake, jua lilivyokuwa kali vile, kofia ameiweka gotini. Mama naye alikuja, akakaa nyuma na akina mama wengine. Mwenyekiti akafungua kikao, akaeleza habari za pampu yake kwa urefu utadhani ni marehemu, kisha akamwambia Babu ajitetee.

"Mimi ufunguo wangu huu hapa," Babu akasema, akauvuta kutoka ndani ya sweta. "Haujawahi kutoka shingoni."

"Basi shingo yako ndiyo inafungua geti," fundi magari akasema. Watu wakaangua kicheko. Babu naye akacheka kidogo, akidhani labda akicheka nao watamhurumia.

Nilimwangalia shangazi. Alikuwa anajisafisha kucha kwa pini. Nikajiambia anasubiri zamu yake.

"Kuna mjumbe mwenye la kuongeza kabla hatujapiga kura?" mwenyekiti akauliza.

Shangazi akanyoosha mkono. Niligeuka haraka mpaka nikatia doa la wino kwenye karatasi.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi huyu mzee nampenda kama baba yangu. Kila mtu anajua. Lakini usalama ni usalama. Umri umekwenda, usingizi unamchukua, ufunguo wa mtu aliyelala unaweza kuvuliwa na yeyote. Mimi nasema tumpumzishe."

Akakaa. Nikaandika "tumpumzishe" kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mkono uliandika kabla kichwa hakijaelewa. Nilipoelewa, nilimtazama mpaka macho yakauma, naye akatazama ubao, pale walipochora bata na namba mbili.

Mikono ikanyooshwa. Yote.

"Mwandishi, andika: wajumbe wote wamekubaliana. Babu akabidhi chumba kesho saa sita mchana."

Kamati yetu ina utaratibu wake. Kabla kikao hakijafungwa, mwandishi anasoma kwa sauti yote aliyoandika, ndipo watu wanatia sahihi. Ulianza mwaka ambao wajumbe wawili nusura wakunjane mashati, kila mmoja anasema "mimi sikusema hivyo." Kwa hiyo mara moja kwa mwezi mtaa wetu unasikia sauti yangu. Kusoma naweza. Ni kusema ndiko kunakonishinda.

Kulikuwa na dakika chache hapo, watu wanabishana nani awe mlinzi mpya, fundi magari anampendekeza shemeji yake. Nikaandika chini ya "Mengineyo." Nilikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Halafu nikaitwa kusoma.

Nikasoma yote, mahudhurio, pampu, utetezi, kura. Halafu sikunyamaza.

"Mengineyo. Mwandishi alieleza kuwa ufunguo wa tatu unatundikwa saluni na unaazimwa na yeyote. Ijumaa kabla ya wizi wa pampu, ufunguo huo haukuwepo mahali pake hadi kesho yake mchana. Mjumbe mwenye ufunguo aliambiwa Jumanne, akaahidi kukieleza kikao. Hakukieleza."

Meza ya fundi magari ililia kwiii.

"Nani alisema hayo?" mwenyekiti akauliza. "Mimi sikuyasikia."

"Mimi," nikasema.

Shangazi akacheka kile kicheko chake laini cha kuwatuliza wateja wakijiona kwenye kioo hawajapendeza. "Mwanangu, umechoka. Mwenyekiti, msameheni. Anasoma vitabu vya hadithi mpaka vinamchanganya. Ufunguo wangu uko wapi? Si huu hapa?"

Akafungua mkoba, akautoa. Ufunguo peke yake. Hakuna uzi, hakuna kitana. Ndipo nilipojua kwamba tangu Jumanne alikuwa anajiandaa kweli, ila hakuwa anajiandaa kusema. Alichukua mkasi, ule ule anaoushika hewani akinisubiri, akakata.

Mwenyekiti si mtu mbaya. Alikuna kidevu, akasema, "Haya. Kuna mtu humu ndani aliyewahi kuazima ufunguo saluni? Anyooshe mkono, hatutamfanya kitu."

Nikamtazama muuza mboga. Alhamisi, siku moja kabla ya wizi wa pampu, alipita na vikapu viwili, mimi ndiye niliyempa kitana mkononi. Akaanza kujifunga mtandio upya. Fundi magari alikuwa anahesabu mabati. Mke wa mwenyekiti alikohoa, nikadhani anaanza, kumbe alikuwa anakohoa tu. Watu zaidi ya ishirini, na wote nimeshawaona wakishika kile kitana. Hakuna mkono ulionyooka.

"Mama yake yupo," mwenyekiti akasema. "Dada, Jumanne ulikuwepo saluni?"

"Nilikuwepo," mama akajibu.

"Mtoto aliyasema haya?"

Mama akashika kichwa, palepale kwenye zile nywele alizosukwa. Nilimwangalia. Nilimwomba kwa macho, kwa mdomo, kwa kila kitu nilichokuwa nacho.

"Sikusikia kitu kama hicho," akasema.

"Futa hiyo sehemu, mwandishi."

Sikuweza. Nilishika kalamu lakini mkono ulikataa. Shangazi akainuka, akaja, akanitoa kalamu kwenye vidole taratibu, kama anavyomtoa mtu kibanio kichwani. Akaazima rula kwenye kabati la mwalimu. Akapiga mstari juu ya kila sentensi yangu, umenyooka vizuri, kisha akatia sahihi pembeni. "Tayari," akasema, akanigusa bega. Bega langu lilikuwa limezoea mkono ule. Halikujua kuukwepa.

Njiani nilitembea nyuma ya mama mpaka kwenye kona ya duka la vifaa.

"Mama, ulisikia."

"Nilisikia."

"Sasa mbona..."

"Nyumba tunayolala ni ya nani?"

Nikapiga kijiwe teke.

"Nakuuliza wewe."

"Ya shangazi."

"Basi." Akatembea hatua kadhaa, akaongeza, "Babu ni mtu mzima, atapata pa kwenda. Si atapata?" Alikuwa ananiuliza mimi, mtoto, kana kwamba mimi ndiye ninayegawa vyumba.

Jumapili asubuhi nilichana karatasi katikati ya daftari, zile mbili zilizoungana, nikaandika barua. Nilisikia mwenyekiti amekataa kumwandikia Babu barua ya kuonyesha alifanya kazi kwetu, na bila hiyo hakuna geti litakalompokea. Niliandika kwamba mzee huyu amelinda uchochoro wetu miaka kumi na moja, kwamba kufuli halikuvunjwa hata siku moja, kwamba ufunguo wake haukutoka shingoni, na kwamba anaondoka bila kosa lolote. Chini nikaandika jina langu lote, na "Mwandishi wa Kamati," nikapiga mstari.

Nilimkuta anafagia chumba. Kilikuwa kimeshabaki kitupu, godoro tu na redio, lakini anafagia kona kwa kona, kama kuna mtu atakayekuja kumkagua.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Akapokea barua, akaisogeza mbali na macho, akanirudishia. "Nisomee."

Nikasoma. Sauti ilitoka vizuri tu. Nilipomaliza hakusema asante. Alikaa kwenye ukingo wa godoro, ufagio mkononi.

"Haya ya ufunguo uliyajua lini?"

"Jumanne nilimwambia shangazi."

"Sikuulizi ulimwambia lini. Ulijua lini?"

"Ile Jumamosi ya pampu."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Akafika Alhamisi, kidole kikasimama. "Alhamisi ulipita hapa getini. Ukaniamkia."

"Ndiyo babu."

"Nikakuuliza habari za shule."

"Ndiyo."

"Ukasema nzuri."

Nilitaka kumwambia kwamba shangazi aliahidi, kwamba nilimwamini, kwamba alisema yeye ndiye atakayesimama. Maneno yote yalikuwepo, yamepangana. Lakini hapakuwa na karatasi mbele yangu, na Babu hakunisubiri. Aliikunja barua mara nne, akaitia mfuko wa shati, ndani ya sweta, akainuka.

"Shika huku," akasema, akinionyesha upande mmoja wa godoro. "Mlango mwembamba huu."

Nikashika.