Kumi Toa Vinne

Tangu kulipopambazuka, mama wa watu hakuwa amekalia kiti kikapata joto. Maziwa yalifurika jikoni, kitinda mimba akamwaga kopo la vifungo, na binti mkubwa, aliyebandikwa na baba yake jina la Kiherehere, alijichimbia chini ya cherehani akisoma habari za siafu wakati wa hesabu.

"Shangazi yako yuko njiani!" mama alifoka. "Hesabu, mwanangu, hesabu!"

Huyo shangazi, wifi yake mama, alikuwa mwalimu, tena si wa kubabaishwa. Walikwishakubaliana: angempima mtoto, na akishindwa, angeondoka naye akakae kwake, asome shuleni kama watoto wa wenzao. Mama alikubali siku aliyochoka kufundisha nyumbani huku anashona nguo za watu. Sasa aliijutia ahadi hiyo.

Wifi aliingia, akaruka rundo la vitambaa, akapanga vifungo mezani.

"Vifungo kumi, toa vinne. Vinabaki vingapi?"

Kiherehere alichukua vinne, akamkimbilia mdogo wake, akamtilia kiganjani, akarudi mbio.

"Kumi!"

Mama alijiona tayari anakunja vigauni vya mtoto ndani ya begi.

"Kumi vipi?" wifi aliuliza.

"Si umesema nitoe, shangazi? Nimetoa. Hapa vipo sita, mdogo wangu anavyo vinne. Vyote vimo humu humu ndani."

Wifi alicheka mpaka miwani ikamteleza.

Mama hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa akihesabu anavyopungua: katoa muda, katoa usingizi, katoa sauti hadi koo likakauka. Akamtazama binti yake aliyesimama kifua mbele, uso una wino, na furaha ikampanda ghafla, uchovu ukiwa palepale.

"Wifi," alisema, "huyu haendi popote."

"Nani anamtaka? Atanitoa jasho mbele ya darasa zima! Ila mfundishe na kutoa kwa shuleni."

Kabla mama hajajibu, Kiherehere alipiga ukelele: "Mama! Mdogo wangu kabakiwa na vitatu! Kimoja kakitia puani!"

"Basi bado ni kumi," mama alisema, akiruka rundo la vitambaa.