Sabini ya Kwenye Skrini

Kaka mtu ndiye aliyeandika programu ya matokeo ya chuo cha uuguzi. Ndani yake alama zilikaa na desimali zake zote, lakini mkuu wa chuo alilalamika kwamba tarakimu zinamjaa machoni. Basi kaka akaongeza amri ndogo: skrini ionyeshe nafasi moja ya desimali, iliyobaki ikadiriwe.

Mdogo wake wa kike akafanya mtihani wa kujiunga. Matokeo yalipotoka alisoma kwenye simu: 70.0. Wanaochukuliwa ni kuanzia sabini. Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Asubuhi akaacha kazi ya kupiga pasi kwa dobi, na kabla ya kutoka akammwagia mama mwenye duka hilo la dobi maneno yote aliyokuwa akiyameza.

Chuoni walimwambia hayumo.

"Mbona nina sabini?" Akawaonyesha simu.

Kaka akaitwa ofisini. Alifungua kompyuta, uso ukamshuka. Alama halisi ilikuwa 69.96. Kwenye kuonyesha, programu ilikadiria. Kwenye kuchuja, haikukadiria.

"Sasa tushike ipi?" mkuu akauliza.

Dada alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama kaka yake tu. Kaka alijua akisema kosa liko kwenye kuchuja, litapita. Pale hakuna mwingine aliyeielewa programu ile. Lakini mkataba wake ulikuwa ukingoni, na hakutaka kusikia kwamba anabeba ndugu.

"Ya ndani," akasema. "Hiyo nyingine ni ya kupendezesha macho."

"Basi irekebishe. Hapa hapa, aone mwenyewe."

Kwenye ile amri ya desimali akafuta moja, akaandika mbili. "Fungua tena," akamwambia dada yake bila kuinua kichwa.

Akafungua. 69.96.

"Kaka, hata kusita hukusita?"

"Umekosa, umekosa. Unataka nifanyeje?"

Mkuu akacheka, akampiga kaka begani. "Huyu ndiye mtu wa kazi!"

Mkataba ukaongezwa. Dada alirudi kwa dobi kuomba radhi. Yule mama akataka apige magoti kwanza, wateja wakiwa wamejaa. Akapiga.

Jumapili kaka alikwenda nyumbani kama kawaida yake. Mama yao hakumgombeza wala hakununa. Alimfutia kiti, akampakulia chakula kwenye sahani ya kioo iliyokuwa haishuki kabatini.

"Karibu, mgeni," akamwambia. "Jisikie nyumbani."

Dada akaendelea kula.