Atupele Anaimba Mbio Mara Mbili

Usiku wa jana niliota nimechelewa kikao cha kupanga video ya mjukuu wangu, na kikao chenyewe kilikuwa kinafanyika ndani ya mashine ya kusaga mahindi, mchana kweupe, mashine ikiwa inasaga. Unga unatuangukia wote. Anayekohoa ni mimi tu.

Mjukuu wangu anaitwa Atupele. Ana miaka kumi na tisa na bendi ya watu wawili. Yeye anaimba, na Lugano, mtoto wa fundi baiskeli wa hapa Tukuyu, anapiga gitaa. Muziki wao wanauita panki. Mimi nauita kelele za kufukuza ngedere shambani, lakini nimeshazoea. Wimbo wa video hii unaitwa "Sipigi Pasi." Una dakika moja na nusu, na maneno hayo anayasema mara arobaini. Aliyemfundisha kupiga pasi ni mimi.

Mwenyekiti wa kikao ni Simu. Ni ile simu ya Lugano yenye kioo kilichopasuka, ila sasa amefungwa kwa mpira wa baiskeli kwenye mpini wa jembe, amesimama wima kama mtu, na amevaa kofia. Yeye ndiye mpigapicha, yeye ndiye mwongozaji.

"Shikamoo, Bibi," Simu akasema.

"Marahaba." Nikakaa mbali naye. Hajawahi kuniamkia hata siku moja, na tunaonana kila siku.

"Bibi amekuja kufanya nini?" akamwuliza Atupele.

"Huyu ni mke mwenzangu," Atupele akasema. "Nikienda mahali bila yeye, anasema nimemwibia mume."

"Mume mwenyewe yuko kaburini mwaka wa kumi na moja," nikasema. "Ukimtaka, mchukue."

Atupele akacheka. Nikamwangalia anavyocheka, kwa sababu Simu naye alikuwa anamwangalia, tena bila kupepesa.

Nikauliza sare yao iko wapi. Video ninazozijua mimi ni za kwaya. Watu wanavaa sare, wanasimama kwenye maua, wanayumba kushoto, wanayumba kulia, na maporomoko ya maji yanapita nyuma yao hata kama hawajawahi kufika huko.

"Hatuna sare, Bibi," Lugano akasema. "Tuna suruali zilizochanika."

"Nimeziona. Nimezishona zote."

Suruali ya Lugano ikakohoa. "Pale ulipotushona ndipo tulipokuwa tunapumulia," ikasema.

Simu akafungua daftari. "Hela hatuna," akasoma. "Taa ni bati. Upepo ni ungo. Kamera itatembezwa kwa toroli. Vilivyobaki tutalipa kwa muda."

"Muda wa nani?"

"Wa mwimbaji. Anao mwingi. Mwingine bado uko kwenye nailoni, haujafunguliwa."

Atupele anatikisa kichwa kukubali, kama anavyokubali lolote mtu akishatamka neno video.

"Muda unalipwaje?" nikauliza.

"Utaona tu, Bibi. Ni kawaida ya kazi hii."

Nikauhamisha mkoba wangu kutoka begani nikauweka mapajani.

Nilipoinua kichwa, mashine ya kusaga haipo. Tuko kwenye uwanja wa mpira wa shule, jua liko utosini. Lugano ameshika bati jipya, anamulika uso wa Atupele. Ungo unapepea wenyewe. Simu amepanda juu ya toroli, na pembeni yupo Spika, mweusi, mnene, ana mafua.

Toroli akanivuta kitenge. "Mama," akanong'ona, "mimi wiki nzima nabeba zege, sijawahi kuogopa mzigo. Huyu ni mwepesi kama biskuti, lakini namwogopa."

"Kwa nini?"

"Subiri aseme polepole."

Simu akasafisha koo. "Atupele, wewe usiimbe. Anayeimba ni Spika, wewe fuatisha kwa midomo. Kipande cha kwanza, pichani unaruka polepole, nywele zinaelea. Spika, mbio mara mbili."

"Mbona mbio?" nikauliza. "Si umesema polepole?"

"Ili pichani aende polepole, hapa lazima aende mbio. Baadaye tunamnyoosha, midomo inakubaliana na wimbo. Ndivyo inavyofanyika, Bibi."

Spika anapenga kamasi, anaanza. Wimbo unatoka kama kuku wanaogombea punje, sipigipasisipigipasisipigipasi. Atupele anaruka, mdomo unakwenda mbio. Jua nalo linakwenda mbio. Kivuli cha goli kinauzunguka mlingoti wake kama mbuzi aliyefungwa kamba. Majani ya uwanjani yanaota, yanakauka, yanaota tena.

"Kata!"

Kila kitu kikakatika. Mwewe aliyekuwa anapita akabaki amening'inia hewani, anatutazama.

Atupele alikuja nilipokaa. Alikuwa anatembea kama mtu aliyewahi kupanga chumba mjini. Akaniinamia, akanishika mkono.

"Bibi, umekula?"

Atupele wangu hajawahi kuniuliza kama nimekula. Yeye huuliza kuna nini cha kula.

"Una miaka mingapi wewe?"

"Ishirini na sita." Alisema kama mtu anayetaja saa.

"Asubuhi ulikuwa na kumi na tisa."

"Asubuhi ilikuwa zamani, Bibi."

Nikamgeukia Simu. Alikuwa anajipangusa kioo. "Tunarudia," akasema. "Jicho lake lilikwenda kulia, nilitaka liende kushoto."

"Kwa ajili ya jicho tu?"

"Jicho ndilo video, Bibi."

Wakarudia. Safari hii jua lilipita hata sikuliona. Walipokata, Atupele akaja akashika kiuno, akakaa chini, na wakati wa kukaa akasema, "Yesu wangu." Hayo ni maneno yangu mimi. Huwa nayasema kila ninapokaa, na yeye huwa ananiigiza kwa kunicheka. Sasa hakuwa ananicheka.

"Thelathini na nane," akasema kabla sijauliza.

"Si nilikwambia," Toroli akasema.

"Vipande vya polepole viko vingapi?" nikamwuliza Simu.

"Sita. Bila kuhesabu vya kurudia."

Mimi nina miaka sabini na miwili. Nikaona kabisa tunakoelekea. Kufika jioni, Atupele atakuwa amenipita, na mimi ndiye nitakayemwamkia yeye shikamoo. Halafu atanipita zaidi. Na mimi nilishazika mume na watoto wawili, sina nguvu ya kumzika huyu kwa sababu ya jicho lililokwenda kulia.

"Simamisha," nikasema.

"Haiwezekani. Imo kwenye mpango."

"Basi hiyo miaka mliyokwisha kumtoa iko wapi?"

"Iko kwa mhariri," Simu akasema, na akageuza kioo upande mwingine.

Nikafungua mkoba nitafute leso ya kumfuta Atupele jasho. Mkobani hamna leso, kuna mlango. Nikabisha hodi.

"Karibu," sauti ikajibu. "Pita pembeni, usikanyage. Hiyo uliyotaka kuikanyaga ni miaka kumi na tisa."

Ndani ni kibanda cha fundi cherehani. Anayeshona ni Mkasi, mkubwa kama mtu mzima, amevaa miwani. Juu yake kuna kamba ya nguo, na kwenye kamba Atupele amebanwa kwa vibanio, vipande vipande, hapa anaruka, hapa anapiga kelele, hapa nywele zinaelea. Chini sakafuni mabaki yamejaa hadi kwenye vifundo vya miguu.

"Hivi vyote vya nini?" nikauliza.

"Mabaki. Wananiletea mwaka mzima, natumia sekunde moja. Panki haitaki kipande kirefu, mtu akipepesa jicho awe amekosa kitu. Nyingine nafagia."

Na kweli ufagio ulikuwa unafanya kazi kwenye kona, peke yake, bila haraka.

"Nipe hayo mabaki."

"Mabaki chukua, kama mgongo unaruhusu. Lakini hayatamfaa mpaka nivitoe na hivi vilivyoko kwenye kamba, na hivi siwezi kuvitoa. Video haiwi na tundu, Mama. Nikitoa kipande, lazima niweke kingine cha urefu uleule, na kiwe cha polepole."

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi naenda polepole tangu goti hili lilipoharibika. Mimi sihitaji kukimbizwa wala kunyooshwa. Nipigeni picha mimi."

Mkasi akavua miwani. Akanitazama kuanzia miguuni. "Hilo halijawahi kuletwa hapa," akasema.

Palepale Simu akawa ameshaingia. Sijui alipitia wapi. "Wazo zuri sana, Bibi!" akasema. Alikubali haraka mno. Mtu aliyenikatalia uwanjani kwa neno moja, sasa anatabasamu na ufa wake wote. "Weka tu sahihi hapa."

Karatasi imejaa maneno madogo kama mayai ya chawa. Nikakaa kwenye kigoda, nikaweka kidole chini ya neno la kwanza, kama tulivyofundishwa darasa la tatu.

"Haraka kidogo, Bibi. Betri imebaki asilimia nne."

"Nasoma."

"Ni maneno ya kawaida tu."

"Ndiyo maana nayasoma."

Betri ikawa tatu. Nimefika mstari wa sita. Ufagio umeshakula kona nzima. Jasho linanitoka, lakini kidole sikukiinua. Chini kabisa, mahali pa kuandika jina, nikakuta pameandikwa, mimi Bibi pamoja na mjukuu wangu tunatoa muda wetu.

"Haya maneno 'pamoja na mjukuu wangu' yanatafuta nini hapa?"

Kioo cha Simu kikafifia.

"Mkasi," nikasema, "fanya kazi yako."

Mkasi akayakata, kwa unadhifu, yakaanguka. Nikaandika jina langu lote, herufi moja moja, na la baba yangu.

Wakaniweka mbele ya bati. Spika akaanza kwa mwendo wake wa kawaida, na nikashangaa, kumbe si kelele sana ukiwa karibu. Nikaambiwa niruke. Nikawaambia hiyo msahau. Nikasimama tu kutoka kwenye kigoda. Kusimama kwangu kulichukua kiitikio chote. Kugeuza shingo kulichukua ubeti. Nikafuatisha kwa midomo sipigi pasi mara arobaini, huku moyoni naomba nisamehewe, kwa kuwa napiga.

"Mara moja tu," Mkasi akasema kwa mshangao. "Hakuna kurudia." Akafungua vibanio, akamshusha Atupele kipande baada ya kipande, na pale juu akanibana mimi.

Sasa nainama. Nimemvuta Atupele kutoka uwanjani, nimemkalisha kwenye gunia, na naokota mabaki sakafuni kama ninavyochambua mchele, hiki chake, hiki cha mtu mwingine, hiki pumba. Kila kipande chake namwekea mkononi, anakifumba. Kiuno kinamnyooka. Sauti inapanda. Ufagio unakuja kwa kasi, mimi nakwenda taratibu, kwa sababu ukichambua kwa pupa unaacha mawe.

"Bibi," Atupele akasema.

"Nakusikia."

"Kuna nini cha kula?"

Nikataka kulia. Lakini kimoja kilikuwa kimebaki chini ya mguu wa cherehani, kidogo, kinang'aa, na ufagio umeshakifikia. Nakiona. Nanyoosha mkono. Nyuma yangu Simu anasema, kwa sauti ya chini, "Sifuri," na kibanda kizima kikazimika na watu wake.

Nilipoamka kulikuwa kumekucha, mvua ndogo inanyesha. Nilitoka bila viatu. Atupele alikuwa uani kwenye ndoo, mswaki mkononi, ameshika shavu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hiyo video yenu mmeimaliza?"

"Bado kipande kimoja. Lugano hajaridhika, tunarudia leo saa nane. Bibi, mbona unanitolea macho hivyo?"

"Una nini hapo shavuni?"

"Jino. Limeota huku nyuma kabisa. Jana halikuwepo, nakuapia, leo naamka nalikuta."

Nikanawa mikono. Nikampeleka kwenye mwanga, akafungua mdomo, nikaingiza kidole. Gego la mwisho, upande wa kushoto. Ufizi ndiyo kwanza umepasuka, una damu mbichi. Lakini jino lenyewe nililipapasa mara tatu. Juu limelika, limekuwa bapa, na katikati lina ufa mweusi, kama jino lililotafuna mahindi ya kuchoma miaka mingi.

"Ni la utu uzima, ee?" akauliza, kidole changu kikiwa bado mdomoni.

Nikamwambia aende akamwambie Lugano kwamba kwenye kipande cha saa nane nitakaa mimi mbele ya simu.