Kikopo cha Ojiambo

TANGAZO RASMI. Kwa wanafunzi, wapishi, walinzi na panya wote wa Bweni la Nyati. Mimi, Osborn Wandera, Katibu Mkuu wa Furaha na Mla Karanga wa Kudumu, nina heshima kubwa kuwajulisha kwamba makohozi ya Mheshimiwa Ojiambo yamepimwa na hayana kifua kikuu. Waliohamisha vitanda vyao wavirudishe. Siku ya wazazi haitaahirishwa. Kohoeni kwa amani.

Nililibandika mlangoni kwa uji mzito, na bweni zima likapiga makofi. Lilikuwa na kosa moja dogo. Makohozi yaliyopimwa hayakuwa ya Ojiambo. Yalikuwa mate yangu.

Naomba nieleze kwa utaratibu, kama tunavyofundishwa kwenye insha.

Ojiambo alilala kitanda cha chini, mimi cha juu. Kwao ni Busia, upande wa Uganda, kwenye machimbo ya dhahabu, na tangu akiwa na miaka tisa kila likizo alikuwa akiponda na kusaga mawe kwa mjomba wake. Unga unaoruka pale ni laini kuliko unga wa mahindi. Mtu huingia kazini kijana, akatoka jioni na nyusi za babu. Wachimbaji wanaamini kwamba maziwa huuteremsha unga huo kutoka kifuani hadi tumboni, kwa hiyo Ojiambo alikunywa maziwa kila alipoyapata, nami nikambatiza jina la Ndama. Akikohoa, nililia "Maa" kutoka kitanda cha juu. Bweni lilicheka. Yeye pia alicheka, mpaka kicheko kikageuka kikohozi kingine.

Muhula wa pili alianza kukonda. Sista Alupo, muuguzi wa shule, alimwita akampa kikopo chenye kifuniko.

"Asubuhi, mbele ya kula. Kohoa kutoka chini kabisa, si mate ya mdomo. Na kama ni TB, bweni yote napima, na siku ya wazazi nasimamisha. Sitaki mzazi kuja na kuku na kurudi na ugonjwa."

Sijui alijuaje habari za kuku. Mama yangu alikuwa amepanga kuvuka mpaka kutoka Busia ya Kenya na kuku mzima wa kukaanga na chapati kumi na mbili. Nilikuwa nimezihesabu ndotoni.

Asubuhi hiyo Ojiambo alikohoa ndani ya kikopo, nyuma ya bweni, hadi akapiga magoti. Zahanati ya shule iko juu kwenye mteremko, na siku hizo hakuweza kuupanda bila kukaa chini mara tatu.

"Nipelekee, Osborn," alisema. "Usimwage tu."

"Ndama, hii ni mali ya serikali. Nitaibeba kama bendera."

Katikati ya njia nilifungua kifuniko. Ndani kulikuwa na uzi wa damu. Nilisimama pale kwa muda, nikifikiri juu ya Ojiambo, kisha juu ya kuku. Nikamwaga kwenye nyasi, nikasuuza kikopo bombani, nikatema yangu hadi kikafika robo. Kinywani nilikuwa na karanga, kama kawaida. Sikujiona mwovu. Nilijiona mtu aliyeokoa karamu.

Majibu yalirudi kutoka mjini Tororo baada ya siku mbili. Sista Alupo alisoma neno moja tu, "Hakuna", akampa Ojiambo dawa za nimonia. Nikaandika tangazo langu. Siku ya wazazi ilifanyika, jua likawaka vizuri, na nilimpa Ojiambo paja zima la kuku. Hakulimaliza. Hakuwa na pumzi ya kutafuna na ya kuishi kwa wakati mmoja.

Wiki tatu baadaye, tukiwa kwenye mstari wa posho, ugali wetu wa kila siku, na maharage, alishika ubavu wa kulia kama mtu aliyechomwa kisu, akaketi polepole sana. Midomo yake ilikuwa rangi ya wino. Mtu mmoja nyuma yangu akalia "Maa". Nilitaka kumpiga, lakini mchezo ule niliuanzisha mimi.

Jumamosi Sista Alupo alinichukua kwenda kumwona hospitalini. Pafu lake la kulia lilikuwa limetoboka na kunywea, na hewa iliyovuja ikajaa kifuani na kulibana. Walikuwa wamempitishia mrija wa mpira ubavuni, na ncha ya pili ikazama kwenye chupa ya maji chini ya kitanda. Kila alipotoa pumzi, maji yalitoa mapovu.

Mama yake, Taaka, alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya chupa hiyo. Alikuwa na chupa yake nyingine, ya maziwa.

"Wewe ndio Osborn? Huyu anasema wewe ndio rafiki yake ya kweli. Kunywa, mtoto yangu. Vumbi ya barabara ni mbaya."

Akanimiminia kikombe. Yalikuwa ya moto bado.

Daktari Ecweru aliinua picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha. "Haya madoa meupe ni makovu ya vumbi la mawe, mama. Hayatoki kwa dawa yoyote."

"Na maziwa?"

"Maziwa yanakwenda tumboni. Pafu lina njia yake."

Taaka akaitazama chupa yake, akaisogeza nyuma ya mgongo.

"Mapafu ya namna hii TB huyapenda sana," daktari aliendelea. "Ningeanza dawa leo. Lakini ni dawa kali, ini lake limechoka, na majibu ya shule yanasema hana. Sasa hana hata nguvu ya kukohoa tupime tena. Jumatatu tunampeleka Mbale watafute sababu nyingine."

"Jumatatu atafika?" Taaka aliuliza.

Daktari aliangalia mapovu.

Nilikuwa na jibu lake mdomoni. Nililimeza pamoja na maziwa. Nilijiambia kwamba mtu atagundua tu, bila mimi kuhitajika.

Sista Alupo aliomba faili. Akatoa ile fomu ya majibu na safari hii akaisoma yote, kidole kikifuata mstari. "Daktari, hapa chini wameandika nini? Macho yangu imechoka."

"'Sampuli ni mate. Ina chembe za karanga.'"

"Karanga," alisema Sista Alupo. "Mimi sikufika huko chini. Nilisoma neno moja nikafurahi." Akamtazama Ojiambo kitandani. "Huyu mtoto hajala karanga tangu muhula kuanza. Zinamkaba."

Akageuka.

"Osborn. Toa nje mfuko."

Niliupindua mfuko wa suruali. Maganda mekundu ya karanga yalianguka sakafuni, mengine yakatua kando ya chupa ya mapovu.

"Siku ile nani alibeba kikopo?"

"Mimi, Sista."

"Na ndani ilikuwa nini?"

Nilitafuta sauti ya Katibu Mkuu. Haikuwepo. Iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya mtoto wa darasa la tatu.

"Mate yangu. Ya Ojiambo niliyamwaga kwenye nyasi. Yalikuwa na damu, niliiona. Sikutaka siku ya wazazi ifutwe. Mama alikuwa analeta kuku."

Daktari alikuwa ameshatoka, akimwita muuguzi wa wodi na kutaja majina ya dawa za TB. Taaka aliinuka, akachukua kikombe mkononi mwangu, akamwaga maziwa yaliyobaki dirishani, akakisuuza mara mbili, akakifudikiza juu ya kitambaa.

Kitandani Ojiambo alikuwa amefumbua macho. Sijui tangu lini. Alivuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine.

"Nilikuambia," alisema, na chupa ikatoa mapovu, "usimwage."

"Ndiyo," nikasema. "Uliniambia."