Macho Mazima, Hamwoni Dada Yake

Jumatatu saa tatu asubuhi, fundi miwani alimkalisha mwalimu wa hesabu kwenye kiti cha kupimia, akamziba jicho la kushoto, akamwomba asome ubao. Mwalimu alisoma mpaka mstari wa mwisho, ule ambao fundi mwenyewe huusoma kwa kuukariri. Akazibwa la kulia, akasoma tena. Ila mumewe, aliyekaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani, mwalimu hakumwona. Alikuwa hajamwona tangu mwezi uliopita.

"Chai inapungua kikombeni," alisema mwalimu. "Kwa hiyo najua yupo."

Mume akasema ni kweli, yupo.

Fundi aliandika kwenye kadi: macho mazima, hamwoni mume. Ilikuwa kadi ya kumi na moja ya aina hiyo. Hakuwa mtu wa kukurupuka. Alikwisha kufuta lenzi zote, kubadili taa, kusogeza ubao na kushuku vumbi la barabara. Kadi ya kwanza kabisa ilikuwa ya mdogo wake, aliyeingia dukani kukazwa skrubu ya miwani, akapiga hodi mara tatu, akaondoka akinung'unika kwamba duka limeachwa wazi bila mtu. Fundi alikuwa amesimama mbele yake na bisibisi mkononi.

Alizipanga kadi mezani, akazisoma moja moja. Wote wasioonekana walikuwa na akaunti kwenye Uwanja, mtandao ule mkubwa ambao kila mtu yumo, na wote walikuwa watu wa maneno ya taratibu: picha ya maua, pole na msiba, hongera kwa mtoto. Uwanja ulikuwa umeacha kuwaonyesha kwa jamaa zao. Wagomvi walionekana vizuri mno. Muuza rangi wa duka la jirani, aliyeshinda akiwatukana watu asiowajua, alionekana tangu kona ya pili, na kingo zake zilikuwa kali kama karatasi iliyokatwa kwa wembe.

Fundi aliwaandikia wenye Uwanja. Walimjibu kwa upole uliomtia shaka zaidi. Walimshukuru kwa kuwa mwanafamilia wao, wakamshauri aandike jambo litakalogusa hisia za watu.

Akaandika kwamba mdogo wake alimtelekeza mama yao akiwa mgonjwa. Haikuwa kweli hata chembe. Dakika kumi hazikutimia, mdogo wake akaingia dukani, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne.

"Dada, nimekukosea nini mimi?"

Fundi alimvutia kiti kwanza. Alikuwa anatazamwa, na hakutaka yaishe. Hatimaye akaeleza kwamba alitaka kuonwa tu. Mdogo wake akasema huo ni wivu, na watu mia tatu wamekwisha kumwambia hivyo. Kesho yake fundi aliyafuta maneno yale, akaomba radhi palepale Uwanjani. Radhi hiyo haikuonyeshwa kwa mtu yeyote. Mdogo wake akaacha kumwona tena, safari hii akiwa na kinyongo.

Ndipo fundi akaenda kwa Mzee Waya, fundi redio mstaafu, mwenye kompyuta inayonguruma chini ya ngazi za nyumba yake. Humo aliendesha kibaraza, mtandao mdogo wa watu arobaini unaoongea na vibaraza vingine vingi, kila kimoja na mwenyewe. Huko maneno hutokea kwa zamu, yaliyotangulia kufika yakitangulia kusomwa. Fundi aliuliza maswali saa nzima. Alichungulia hata nyuma ya kompyuta.

"Na siku ukinunuliwa?"

"Mwanangu, nani aninunue na goti hili?" alisema mzee. "Nikikuudhi, beba watu wako uhamie kibaraza kingine. Sina namna ya kukushika."

Fundi alilitafakari jibu hilo siku mbili, kisha akahama. Mwalimu na mumewe nao wakahama. Siku ya tatu mwalimu aliona kiwiko, halafu kola, halafu mume mzima, akamwambia amekonda. Wengine kwenye zile kadi wakafuata mmoja mmoja.

Mdogo wake hakufuata. Wakwe zake wako Uwanjani, wateja wa keki zake wako Uwanjani, hata wazazi wa shule ya wanawe hupatana huko. Mama yao, ambaye hana simu na humwona kila mtu, alimpelekea ombi la dada yake mara tatu. Jibu lilikuwa lilelile: akiondoka, nani atamwona yeye?

Jumapili moja walikuwa kwa mama wote wawili, wingu likafunga, wakatoka kuanua nguo. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mdogo wake alishika pembe mbili, na zile mbili za mbali zikainuka zenyewe, zikanyooka.

"Mama, nani kashika kule?"

"Dada yako."

Alikaza pembe zake. "Mwambie avute."

Fundi akavuta. Wakalikunja kwa urefu, wakalinyoosha tena, shuka likakaza katikati yao. Kisha simu ikatetemeka mfukoni mwa mdogo wake. Akaachia pembe zake ili aitazame, na nusu ya shuka ikaanguka kwenye majani. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza. Fundi akabaki ameshika upande wake, akisubiri.