Tapi ya Bijou

Weye unayekaa karibu yangu, jibu hii: niko na shamba ndani ya nyumba. Mvua hailinyeshei, jembe haliligusi, lakini ukivuta mumea mumoja, mustari muzima unaufuata. Ni nini?

Usiseme mihogo. Ni tapi, zulia la saloni yangu, ile ya nyuzi zilizojikunja vitanzi-vitanzi. Binti yangu Bijou aliinunua soko ya Ariwara, kule mpakani, akaituma na kamyo mpaka hapa Bunia. Yeye mwenyewe hakufika. Tangu alivuka ziwa wakati wa vita, anaishi Uganda na watoto ambao mimi ninajua sauti zao tu. "Mama, siku nitarudia," aliniambia, "watoto watalala juu ya hiyo tapi."

Mwezi uliopita alipiga simu, akauliza: "Mama, ile malle ya baba bado imefungwa nyuma ya mulango? Kama mumeifungua, ninakuja na watoto, tunakaa huko moja kwa moja. Kama bado, siwezi."

Ile malle ni sanduku la bati. Ndani kuko nguo, sufuria na karatasi za shamba, tayari kwa kukimbia. Kwetu, hata amani ikisemwa kanisani, watu wanaiacha vile. Nikaanza kuulizia meno ya mutoto mudogo, kisha rezo ya simu ikakatika. Swali likabaki hewani.

Basi, juzi kitu kikalia "pwaa!" barabarani. Muzee wangu Gaspard hakuuliza kitu. Akakokota malle juu ya tapi mpaka uani. Kumbe ni tairi ya kamyo imepasuka. Alirudi nayo, amejaa haya, lakini kona ya bati ilikuwa imekwisha kung'ata: vitanzi vimesimama kama minyoo baada ya mvua, na kimoja kimekatika.

Jirani yangu Régine akaja na kiberiti. "Mama Bijou, tuchome ncha tu, sawa kamba ya nailoni ya mbuzi."

"Thubutu! Itayeyuka, ibakishe kovu jeusi."

"Basi vuta."

"Nikivuta, tutabaki kukalia gunia."

Nikapiga magoti na sindano ya magunia, ncha nimeisugua kwenye jiwe iwe butu, isikate. Uzi uliovutwa haurudi kwa nguvu. Unausukuma kidogo kwa kitanzi cha jirani, nacho kinapokea na kupitisha kwa mwenzake, mpaka vyote vilingane. Kwa kile kilichokatika, nilichukua uzi pembeni, chini ya kabati ambako mugeni haangalii. Nikatia tone la kole, ile gundi, kwa shimo, nikaukunja uzi na kuuzamisha na sindano. Kila mahali vidole vilipopita, niliweka mutoto wa Bijou: hapa atalala, hapa atamwaga chai, na mimi sitamugombeza.

Régine alikuwa kwenye kiti, anatafuna karanga. "Alama unaificha vizuri, mama. Na malle utaificha wapi?"

Nikamugeukia Gaspard. "Baba Bijou, tuifungue. Nguo zirudie kabatini."

Akakaa juu ya malle kama kuku juu ya mayai. "Tuifungue, kisha siku ile tukimbie na nini? Na tapi?"

"Mutoto anataka kurudia."

"Unafikiri mimi simutaki? Ninamutaka mpaka usingizi unanikataa. Lakini asije hapa kukimbia mara ya pili na watoto mugongoni." Akageuza uso, akaangalia mulango.

Kole ilikuwa haijakauka bado, simu ikalia. Régine akaacha kutafuna. Nyuma ya sauti ya Bijou nilisikia watoto wanagombania kitu, mumoja anacheka kabisa vile yeye alikuwa anacheka akiwa mudogo hapa hapa saloni. Uongo ulikuwa kwa kinywa changu tayari, mutamu kama muwa. Neno moja tu, na ile sauti ya kicheko ingekuwa na miguu, ikimbie humu ndani.

"Mama, uko unanisikia? Nilikuuliza, ukanipeleka kwa meno ya mutoto. Malle mumeifungua?"

Nilimuangalia Gaspard. Hakutoka juu ya malle.

"Bado imefungwa, mwanangu."