Ndugu Aliyebaki Nyumbani

Kawudha aliondoka siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mikono yake ikiwa bado na unga. Alianguka jikoni kwao Mafubira, na kabla ya alasiri alikuwa ameshazikwa. Hakuna aliyelia. Kwao Busoga pacha hasemwi kuwa amekufa, wala hapigiwi kilio. Hata shehe alipoanza kutamka "marehemu", Senga Kagoya, shangazi yao, alikohoa kwa nguvu mpaka shehe akalimeza neno.

Pacha wake, Nusifa, alirudi Mbale, kwenye chumba chake mtaani Nkoma, na huko akaikuta barua. Chuo kimoja cha upishi Uturuki kilikuwa na kozi ya wiki tatu ya kuoka mikate. Walikuwa wameomba wote wawili. Nafasi ilitoka moja, kwa jina la Nusifa.

Bruhan, aliyekuwa akiwajazia watu fomu karibu na stendi ya mabasi, alimsomea masharti ya viza.

"Pasipoti unayo. Barua ya chuo unayo. Taarifa ya benki, hiyo tuiombee dua. Sasa wanataka ndugu wa tumbo moja anayebaki hapa, awahakikishie kuwa utarudi. Wanaogopa utaolewa na Mturuki!"

Nusifa alimpigia Senga simu. "Niandike kwamba hayupo?"

"Thubutu! Wewe mtoto, unataka kutumaliza? Andika Kawudha. Pacha yupo."

Akaandika Kawudha, na namba yake ya zamani.

Siku ya tisa baada ya kutuma fomu na pasipoti ubalozini, Bruhan alikuja akicheka. "Dada, pacha wako moto! Wamempigia, kawajibu vizuri kabisa. Kasema wakuache uende, utarudi."

Nusifa alifungua sanduku. Simu ya Kawudha ilikuwa palepale alipoiweka baada ya mazishi, imezimwa, betri kando. Juu ya kioo palikuwa na alama ya kidole, ya unga.

Alhamisi alipanda basi kwenda ubalozini Kampala kuchukua pasipoti yenye viza. Karani alimtazama, akatazama daftari, akamtazama tena.

"Dada, si umeichukua jana? Hii si sahihi yako?"

Jina lilikuwa lake. Lakini herufi zililalia kushoto, kama za Kawudha, ambaye tangu utotoni aliandika kwa mkono wa kushoto. Nusifa hakubisha. Angebisha, angelazimika kulitamka lile neno, na fomu yake yote ingekuwa uongo.

"Ni yangu," alisema, akatoka.

Wiki iliyofuata chuo kilimtumia picha ya darasa, pamoja na salamu za kumkaribisha. Wanafunzi kumi na mmoja, aproni nyeupe. Wa tatu kutoka mwisho ameinama, uso hauonekani, ameshika kisu kwa mkono wa kushoto.

Senga hajaonyeshwa. Sasa kozi inaisha Ijumaa hii, na viza inamtaka mwenye pasipoti awe amerudi nyumbani ndani ya siku saba baada ya hapo.